Asiyekuwapo na Lake Halipo: Rekodi ya Timu Yetu ya Taifa ya Wanawake

Jioni moja ya siku ya soko, katika pande za Nyakiyumbu, mzee mmoja aliyekuwa amesimama kando ya kiwanja cha shule, akiwatazama wasichana wakicheza mpira wa miguu, alituuliza swali ambalo tumeona si haki kulijibu kwa haraka. Alisema: "Mwanangu, huyu binti yangu ananiomba viatu vya mpira. Wewe mtu wa redio hebu nieleze. Hiyo timu ya taifa ya wanawake anayoitaja kila siku, imewahi kushinda nini?"

Swali hilo halikuwa la dharau. Mzee alikuwa ameuza mahindi yake Mpondwe siku hiyo, na mfukoni alikuwa na fedha ambazo zilikuwa zikisubiriwa na karo ya shule, sabuni, chumvi na deni la dukani. Kabla hajatoa shilingi moja kwa ajili ya viatu vya mpira, alitaka kujua viatu hivyo vinampeleka mtoto wake wapi. Hiyo ni haki ya kila mzazi. Nasi leo, katika maoni haya, tunapenda kumjibu mzee huyo, na wazazi wengine wa Kasese, Bwera na popote wanaposikiliza, kwa kueleza bila kuficha rekodi ya timu yetu ya taifa katika mashindano ya kimataifa, na sababu zilizoifanya rekodi hiyo iwe kama ilivyo.

Timu hiyo inaitwa Crested Cranes, yaani inabeba jina la yule korongo mwenye taji kichwani, ambaye amechorwa katikati ya bendera yetu. Mashindano makubwa ambayo timu hupimwa kwayo ni matatu: Kombe la Dunia la Wanawake, Kombe la Mataifa ya Afrika la Wanawake, na Kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, ambalo husimamiwa na baraza la CECAFA.

Tuanze na lililo juu kabisa. Kombe la Dunia la Wanawake lilianza kuchezwa mwaka 1991 huko Uchina. Tangu mwaka huo Uganda haijawahi kufika katika fainali zake. Na hapa tusiionee nchi yetu peke yake, kwa kuwa katika ukanda huu wote wa Afrika Mashariki hakuna nchi iliyokwisha kufika huko.

Sasa tuje Afrika. Uganda imefika katika fainali za Afrika mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa Novemba mwaka 2000, mashindano yalipofanyika Afrika Kusini. Timu zilikuwa 8, zikagawanywa katika makundi mawili. Uganda ilipangwa pamoja na wenyeji Afrika Kusini, Zimbabwe na kisiwa cha Réunion, na haikuvuka kuingia nusu fainali. Mara ya pili ilikuwa mwezi wa Julai mwaka 2022, nchini Moroko, timu zilipokuwa zimeongezwa kufikia 12. Tarehe 3 Julai Uganda ilifungwa na Senegal mabao 2 kwa 0. Tarehe 5 ilifungwa na Moroko mabao 3 kwa 1. Tarehe 8 ilitoka sare na Burkina Faso, mabao 2 kwa 2. Uganda ikamaliza ya nne katika kundi la timu nne, ikiwa na pointi 1.

Katika Afrika Mashariki hali ni ya kutia moyo zaidi. Mwaka 2016 mashindano ya CECAFA yalifanyika hapa kwetu, huko Njeru karibu na Jinja. Uganda ikawa ya nne, na kombe likachukuliwa na Tanzania. Mwaka 2018, mjini Kigali, Uganda ilikuwa ya pili nyuma ya Tanzania. Mwaka 2019, mjini Dar es Salaam, ilikuwa ya tatu, na kombe likaenda Kenya. Kisha mwezi wa Juni mwaka 2022, katika kiwanja kilekile cha Njeru, Uganda iliifunga Burundi mabao 3 kwa 1 katika mchezo wa fainali, ikatwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza. Mcheza kwao hutunzwa, na siku hiyo wasichana wetu walitunzwa kwelikweli.

Basi, mzee wetu, hilo ndilo jibu fupi. Timu imeshinda kombe moja la ukanda wetu, na imefika fainali za Afrika mara mbili bila kuvuka hatua ya makundi. Mtu akitaka kuishia hapo anaweza kusema kuwa rekodi hiyo ni nyembamba, wala hatutambishia. Lakini rekodi ni kama daftari la duka. Anayesoma jumla iliyo chini ya ukurasa bila kutazama kilichoandikwa juu yake hawezi kujua kama biashara ni mbaya, au kama duka lilikuwa limefungwa.

Ndugu wasikilizaji, tazameni tena miaka hiyo miwili: 2000 na 2022. Kati yake kuna miaka 22. Katika muda huo fainali za Afrika zilichezwa mara 9 Uganda ikiwa haipo, na fainali za mwaka 2020 zilifutwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Msichana aliyezaliwa mwezi ule ambao timu yetu ilikuwa Afrika Kusini alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima wakati timu ilipoonekana tena. Alikua, akasoma, pengine akaolewa na kupata mtoto, pasipo kusikia hata mara moja jina la nchi yake likitangazwa katika fainali hizo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwa maoni yetu, doa kubwa katika rekodi ya Crested Cranes ni hilo pengo la miaka 22. Mabao 3 ya Moroko na mabao 2 ya Senegal ni madogo mbele yake.

Pengo hilo lilitokana na nini? Sababu ya kwanza imo katika utaratibu wenyewe wa mashindano, na ni sababu ambayo watu wengi hawaijui. Timu ya taifa ya wanaume inapotafuta nafasi ya kwenda fainali za Afrika huwekwa katika kundi, na hucheza mechi 6, nyumbani na ugenini. Ikifungwa leo, inayo nafasi ya kujirekebisha mwezi ujao. Kocha huona kosa, hulisahihisha, hujaribu mchezaji mwingine. Wanawake hawana utaratibu huo. Wao hupangiwa nchi moja, wakacheza nayo mechi mbili, moja hapa na moja kule. Anayeshindwa katika hesabu ya mechi hizo mbili amekwisha toka, na hana la kufanya ila kungoja duru inayofuata, ambayo kwa kawaida huja baada ya miaka miwili.

Mifano ipo. Mwezi wa Aprili mwaka 2018 Uganda ilipangiwa Kenya, ikatolewa. Mwaka 2023 ilipangiwa Algeria, ikatolewa. Mwezi wa Februari mwaka 2025 ilipangiwa Ethiopia, ikatolewa. Kila mara safari ilikuwa ya mechi mbili tu. Mkulima anayepanda mbegu mbili hawezi kulaumiwa sana akikosa mavuno, ila anaweza kuulizwa kwa nini hakupanda zaidi.

Hata ule ushindi wa kuingia fainali za 2022 unaonyesha jinsi njia hiyo ilivyo nyembamba. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 Uganda iliifunga Ethiopia mabao 2 kwa 0 hapa nyumbani, ikafungwa mabao 2 kwa 0 mjini Addis Ababa, na ikapita kwa mikwaju ya penalti. Katika raundi iliyofuata ilipangiwa Kenya. Kenya ilikuwa katika msukosuko wa uongozi wa chama chake cha kandanda, na mwanzoni mwa mwaka 2022 ikajiondoa. Uganda ikafuzu bila kucheza raundi hiyo. Hatusemi hivyo ili kuwapunguzia wasichana wetu heshima yao, maana aliyesimama mbele ya penalti huko Addis Ababa hakupewa kitu bure. Tunasema hivyo ili ieleweke kwamba timu iliyopata nafasi yake kwa njia hiyo iliwasili Moroko ikiwa na mechi chache mno za mashindano mwilini mwake.

Sababu ya pili ni kwamba hata mashindano ya jirani, ambayo yangeweza kuziba nafasi hiyo, hayakuwa yakifanyika. Kombe la CECAFA la wanawake lilichezwa mara ya kwanza mwaka 1986 huko Zanzibar, na Zanzibar ikawa bingwa. Halafu likalala. Lilikuja kuamshwa mwaka 2016, baada ya miaka 30. Wasichana wa Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Ethiopia waliokuwa na vipaji katika miaka hiyo yote hawakuwa na kombe la ukanda la kugombea. Na tangu lilipoamshwa, halijapata utulivu wa kuchezwa kila mwaka kama mashindano yanayotegemewa.

Tena ieleweke kwamba shirikisho la kandanda la dunia hupanga nchi kwa kuhesabu matokeo ya mechi zilizochezwa. Nchi inayoshinda dhidi ya mwenye nguvu hupanda, na inayofungwa na mnyonge hushuka. Nchi isiyocheza haipati nafasi ya kupanda, na ikikaa kimya kwa muda mrefu huondolewa katika orodha. Kwa hiyo ukimya nao una gharama yake: wachezaji hupoteza zoezi, na nchi hupoteza cheo.

Sababu ya tatu iko karibu zaidi na sisi tunaoishi vijijini. Ligi ya taifa ya wanawake chini ya chama chetu cha FUFA ilianza katika msimu wa 2014/2015. Hapo kabla, msichana aliyejua mpira alicheza shuleni, na shule ilipokwisha, mpira nao ulikwisha. Hata ligi hiyo ilipoanza, nguzo zake zilikuwa shule: Kawempe Muslim ya Kampala, Uganda Martyrs ya Lubaga, Olila High School ya Soroti, Rines ya Wakiso. Shule hizo zimelifanyia taifa kazi kubwa, na zinastahili shukrani. Lakini shule ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Msichana hufika kidato cha sita akiwa na umri wa miaka 18 au 19, na huo ndio umri ambao miguu yake inaanza kupata nguvu na akili yake inaanza kuusoma mchezo. Akiondoka, pengo lake hujazwa na mwingine wa miaka 15 ambaye huanza upya. Timu ya taifa ikiitwa, huitwa wale walio shuleni pamoja na wale wachache waliobahatika kupata klabu.

Wapo waliobahatika. Fazila Ikwaput amecheza katika klabu za Kazakhstan na India. Juliet Nalukenge, ambaye mwaka 2019 alikuwa mfungaji bora timu yetu ya wasichana walio chini ya miaka 17 ilipotwaa kombe la nchi za Kusini mwa Afrika huko Mauritius, alipata klabu nchini Cyprus. Majidah Nantanda, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa katika miaka yake ya mwanzo, baadaye alirudi kuwa kocha wa timu hiyohiyo. Mifano hii inaonyesha kuwa vipaji havikuwahi kukosekana. Ushindi ule wa Mauritius uliletwa na wasichana wa shule za Uganda, waliotoka katika viwanja kama hiki alichokuwa akikitazama mzee wetu. Kilichokosekana ni daraja la kuwavusha kutoka umri wa miaka 17 hadi 25 wakiwa bado wanacheza kila wiki.

Ndugu wasikilizaji, pengine yuko atakayesema kwamba haya ni maelezo ya mtu anayetafuta udhuru. Kwa hiyo tumtolee mfano wa nchi nyingine iliyokuwa katika hali kama yetu, nayo ni Moroko yenyewe.

Mwaka 2000, Uganda ilipokuwa Afrika Kusini, Moroko nayo ilikuwako, katika kundi la pili. Nayo haikuvuka. Baada ya hapo Moroko nayo ilitoweka. Fainali zile 9 ambazo Uganda haikuonekana, Moroko nayo haikuonekana. Nchi hizi mbili zilirudi pamoja mwaka 2022, Moroko ikiwa mwenyeji, na tarehe 5 Julai mjini Rabat zikakutana uso kwa uso. Ukitazama historia ya fainali tu, ungesema hawa ni ndugu wawili waliopotea siku moja na kurudi siku moja. Lakini Moroko ilishinda mechi ile, ikaendelea hadi fainali ya Afrika, ambako ilifungwa na Afrika Kusini mabao 2 kwa 1. Mwaka 2023 ilikwenda Kombe la Dunia na kuvuka hatua ya makundi. Mwezi wa Julai mwaka 2025 ilifika tena fainali ya Afrika, ikafungwa na Nigeria mabao 3 kwa 2.

Ndugu hawa wawili walitofautiana katika yale waliyoyafanya kabla ya kurudi. Mwaka 2019 Moroko ilifungua kituo kikubwa cha mazoezi karibu na mji wa Rabat kwa ajili ya timu zake zote za taifa. Mwaka 2020 chama chake cha kandanda kiliamua kuifanya ligi ya wanawake kuwa ya malipo, yenye madaraja mawili, na kikachangia mishahara ya wachezaji. Mwaka huohuo kikamwajiri Reynald Pedros, kocha Mfaransa aliyekwisha kutwaa ubingwa wa Ulaya na wanawake wa Lyon. Mchezaji wa Moroko aliyeingia uwanjani kupambana na Uganda alikuwa ametoka katika kazi ambayo hulipwa kwayo. Na siku ya nusu fainali dhidi ya Nigeria, watu zaidi ya 45,000 walijaa uwanjani kuwatazama wanawake wakicheza. Nusu fainali ile ilichezwa katika mwezi uleule ambao Uganda ilirudi nyumbani na pointi moja.

Tunajua kwamba Moroko ina fedha kuliko sisi, na aliyekuwa mwenyeji hakuhitaji kupita katika mchujo. Basi na tutazame jirani ambaye mfuko wake haupitani sana na wetu. Tanzania ilianzisha ligi yake kuu ya wanawake katika msimu wa 2016/2017. Klabu kubwa ambazo watu wamezishabikia kwa vizazi zikaunda timu za wanawake. Mwezi wa Agosti mwaka 2022 klabu yetu ya She Corporate ilifika fainali ya kutafuta mwakilishi wa ukanda wetu katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika ya wanawake, ikafungwa bao 1 kwa 0 na Simba Queens ya Dar es Salaam. Simba Queens ikaenda Moroko na kumaliza ya nne katika Afrika. Tofauti ya bao moja Dar es Salaam! Hapo ndipo tunapoona kwamba umbali kati yetu na waliofanikiwa haukuwa mkubwa kama tunavyodhani.

Haki pia idaiwe kwa upande mwingine. Tanzania ilipofika fainali za Afrika mwaka 2010 ilifungwa mechi zake zote tatu. Kenya ilipofika mwaka 2016 ilifungwa zote tatu. Tanzania iliporudi mwezi wa Julai mwaka 2025 ilipata pointi 1, kama sisi. Katika ukanda wetu ni Ethiopia pekee iliyopata kufika nusu fainali, mwaka 2004, ikamaliza ya nne. Lakini Tanzania na Kenya hazikukata tamaa, na zote mbili zilifuzu tena kwa ajili ya fainali za mwaka 2026. Anayerudi mara kwa mara hujifunza. Anayekaa nje miaka 22 huanza kila mara na somo la kwanza.

Sasa, mambo haya ya Rabat na Dar es Salaam yanahusiana nini na Nyakiyumbu?

Yanahusiana hivi. Timu ya taifa ni paa la nyumba. Pengo lililo juu linaonekana na wote, lakini mara nyingi linaanzia kwenye kuta. Msichana wa Nyakiyumbu leo hucheza mpira shuleni wakati wa michezo ya shule. Michezo ikiisha, shule yake ikiwa imetolewa katika hatua ya kwanza, anaweza kumaliza mwaka mzima pasipo kucheza mechi nyingine ya kweli. Tofauti yake na Crested Cranes iko wapi? Naye hupangiwa mechi mbili na kungoja. Ugonjwa wa timu ya taifa na ugonjwa wa timu ya shule ya kijijini ni mmoja, nao ni uchache wa mechi.

Na ugonjwa huo, kwa bahati njema, unaweza kutibiwa hapa hapa bila kungoja fedha za Kampala. Kutoka Nyakiyumbu hadi Bwera, na kutoka Bwera hadi Mpondwe au Kinyamaseke, shule zipo za kutosha kuweza kupangiana ratiba. Timu sita za wasichana zikikutana kila moja na nyenzake, nyumbani na ugenini, kila timu itacheza mechi 10 katika mwaka. Hiyo ni mara tano ya zile mechi mbili ambazo timu ya taifa ilicheza ikitafuta nafasi ya fainali za 2026. Kinachotakiwa ni kiwanja kilichofyekwa, mipira miwili, filimbi, daftari la kuandikia matokeo, na walimu wanaokubaliana siku. Daftari hilo tusilidharau. Timu isiyoandika matokeo yake haijui kama inapanda au inashuka, na mchezaji ambaye mabao yake hayakuandikwa popote hana cha kumwonyesha yule anayetafuta vipaji.

Zipo hofu za wazazi, nazo ni za haki. Mzazi huuliza: binti atarudi nyumbani saa ngapi? Nani atamsindikiza? Nani atachota maji wakati yeye yuko kiwanjani? Je, mpira hautamwondoa katika masomo? Hofu hizi hazijibiwi kwa hotuba. Zinajibiwa kwa utaratibu. Mechi ichezwe mapema alasiri ili watoto wafike nyumbani kabla jua halijazama nyuma ya milima ya Kongo. Kila timu iwe na mwalimu wa kike au mama anayeaminiwa na wazazi, atakayetoka nao na kurudi nao. Kazi za nyumbani zigawanywe kati ya wavulana na wasichana siku ya mechi, kama ambavyo dada wa mchezaji wa kiume amekuwa akichota maji kwa ajili yake miaka yote bila mtu kuuliza. Na yule ambaye alama zake za darasani zimeshuka apumzishwe hadi zipande. Mzazi akiuona utaratibu wa namna hiyo, wasiwasi wake hupungua wenyewe.

Wale walio na dhamana ya michezo katika taifa nao wana lao la kujibu. Ligi ya wanawake inahitaji klabu ambazo si shule tu, ili msichana anayemaliza masomo Bwera au Kasese asilazimike kuchagua kati ya kuhamia Kampala na kuuacha mpira. Timu ya taifa inahitaji mechi za kirafiki katika miezi ambayo haina mashindano, hata kama ni na majirani walio umbali wa safari ya basi. Na baraza la CECAFA linahitaji kuombwa, tena na tena, lisiliache kombe la wanawake lilale usingizi mwingine wa miaka 30. Hayo yote hayahitaji muujiza. Yanahitaji kalenda, na watu wanaoiheshimu kalenda hiyo.

Ndugu wasikilizaji, tunarudi kwa mzee wetu wa Nyakiyumbu. Tulimweleza siku ile, kwa ufupi, yale tuliyoyaeleza leo kwa urefu: kwamba timu ya taifa ya wanawake imeshinda kombe moja, kwamba imefika fainali za Afrika mara mbili, na kwamba kati ya mara hizo mbili kulikuwa na kimya cha miaka 22. Alitikisa kichwa, akawatazama wasichana wale waliokuwa wakicheza pekupeku, mmoja wao akiwa binti yake. Kisha akauliza swali la pili, ambalo kwetu lilikuwa zito kuliko lile la kwanza: "Na hawa, mechi yao nyingine ni lini?"

Mwalimu aliyekuwa karibu alisema kwamba kwa mwaka ule hapakuwa na mechi nyingine iliyopangwa.

Swali hilo la mzee ndilo tunalotaka libaki masikioni mwa kila mwenye dhamana, kuanzia mwalimu wa michezo wa shule ya msingi hadi viongozi wa kandanda wa taifa. Rekodi ya miaka iliyopita haiwezi kubadilishwa, imekwisha andikwa. Rekodi ya miaka ijayo itategemea kama msichana wa Nyakiyumbu, na mwenzake wa Soroti, na mwenzake wa Masindi, wanaweza kutajiwa tarehe ya mechi yao inayofuata. Siku watakapokuwa na jibu, na jibu hilo likawa wiki ijayo, viatu vile vitakuwa na kazi ya kufanya.

Hayo ndugu wasikilizaji ndiyo maoni yetu kwa siku ya leo.